Walimu Wawili wa Paimol

Bwana wetu Yezu Kristu alifundisha kwamba wako wachungaji wa namna mbili. Yuko mtu wa mshahara, na yuko mchungaji mwema. Siku za amani si rahisi kuwatambua. Wote wawili hutoa kundi zizini asubuhi, wote wawili hulirudisha jioni. Lakini siku mbwa mwitu ajapo, mtu wa mshahara hukimbia, kwa kuwa kondoo si wake. Naye mchungaji mwema hubaki, hata ikimpasa kufa. Basi mbwa mwitu hamfanyi mchungaji kuwa mwema. Humfunua tu. Wema wake ulijengwa zamani, katika siku nyingi zisizo na habari, alipokuwa akilisha kundi, akilinywesha, na kumtafuta aliyepotea.

Neno hilo lilitimia kwa walimu wawili wa dini waliokaa katika kijiji cha Paimol, katika nchi ya Uganda, jirani ya Kongo upande wa mashariki. Majina yao ni Daudi Okelo na Jildo Irwa. Hawakuwa mapadri wala mabruda. Walikuwa vijana wa kabila la Waacholi, na mmoja wao alikuwa angali mtoto. Yafaa kila mkatekumeni ajue jinsi walivyokufa. Lakini yafaa zaidi ajue jinsi walivyoishi kila siku.

WALIJITOA WENYEWE

Daudi alizaliwa karibu mwaka 1902 katika Ogom-Payira, na wazazi wake hawakuwa Wakristu. Jildo alizaliwa karibu mwaka 1906 katika Bar-Kitoba. Wote wawili walifundishwa dini kwenye misioni ya Kitgum, ambako mapadri wa Comboni walifika mwaka 1915. Padri Cesare Gambaretto alimbatiza Daudi tarehe 1 Juni 1916, na Jildo siku chache baadaye, tarehe 6 ya mwezi uleule. Tarehe 15 Oktoba ya mwaka ule wakapewa Kipaimara.

Mwanzoni mwa mwaka 1917 katekista wa Paimol, jina lake Antonio, alikufa. Watu aliokuwa akiwafundisha wakabaki bila mwalimu. Daudi hakungoja kuitwa. Alikwenda mwenyewe kwa padri, akaomba apewe nafasi ya marehemu. Mwishoni mwa mwaka ombi lake likakubaliwa, na Jildo akawa msaidizi wake.

Padri hakuwaficha lolote. Aliwaeleza kwamba Paimol ni mbali, yapata kilometa 80 kutoka Kitgum. Kwamba watu wa kule hupigana mara kwa mara. Tena kwamba wavamizi na wafanya biashara ya watumwa na dhahabu huchochea ugomvi huo. Akawauliza itakuwaje wakiuawa. Walijibu kwamba watakwenda mbinguni, aliko Antonio. Hapo padri akawabariki, nao wakashika njia pamoja na Bonifasi Okot, mkubwa wa makatekista.

Mtu na ahesabu miezi. Tangu ubatizo wao hata safari ile, ulipita mwaka mmoja na nusu tu. Mali yao ilikuwa sala walizozishika kwa moyo, maulizo na majibu ya katekismu, na mapendo. Mkatekumeni asemaye, “Mimi najua kidogo tu, siwezi kumfundisha mwingine,” na awatazame hawa wawili.

KAZI YA KILA SIKU

Katika Paimol siku ilianza alfajiri. Daudi alipiga ngoma, na watoto wenye kutaka kufundishwa wakaja. Wakasali pamoja sala za asubuhi, na walimu wawili wakasali pia Rozari. Kisha mafundisho yakaanza. Mwalimu alitaja ulizo, akataja jibu, na watoto wakarudia. Wakarudia tena, na mara nyingi kwa kuimba, maana neno lililoimbwa halisahauliki upesi kama neno lililosemwa.

Kazi hiyo huchosha. Anayefundishwa hudhani kwamba anachoka yeye peke yake. Hafikiri kwamba mwalimu amelijua jibu lile tangu zamani, na kwamba hana faida yake mwenyewe katika kulirudia mara ya ishirini. Analirudia kwa ajili ya yule aliyesahau. Ndivyo mama anavyomfundisha mtoto kusema: neno lilelile kila siku, bila kumdharau mtoto.

Jildo naye alikuwa na kipaji chake. Aliwakusanya watoto kwa upole na kwa bidii, akacheza nao michezo ya kijijini, akawafurahisha. Wako watoto wasiovutwa kwa maonyo, ila huvutwa kwa furaha. Na wengi walifika penye mafundisho kwa sababu Jildo alikuwapo. Mtu mzima asidharau kazi hiyo. Mtoto anayecheza na watoto ili awafikishe kwa Yezu, huyo ni mtume kweli.

Mafundisho yakiisha, wakatekumeni wengi walirudi kuwasaidia wazazi wao mashambani au kuchunga ng'ombe. Daudi hakukaa kivulini kungoja jioni. Alizunguka katika vijiji vya jirani, akiwatembelea waliko. Hivyo wazazi walimwona mwalimu wa watoto wao akija kwa miguu penye jasho lao. Neno la Mungu halikukaa tu pale ngoma ilipopigwa; lilifuata njia ya mashamba pamoja naye.

Jua liliposhuka, Daudi alitoa tena ishara ya kuwaita watu. Wakasali sala za jioni na Rozari, na kila mara wakamaliza kwa wimbo wa Bikira Maria. Padri alikaa mbali, huko Kitgum. Kwa hiyo siku ya Dominika Daudi aliwaongoza watu katika sala ndefu kuliko za siku nyingine, na makatekista wa kandokando na wakatekumeni wao walikuja mara nyingi kuungana nao.

Waliomjua Daudi walisema kwamba alikuwa kijana mpole, mwenye haya, mwenye bidii katika kazi yake, na kwamba watu wote walimpenda. Hakujiingiza katika magomvi ya ukoo wala ya utawala. Hayo ndiyo yote: ngoma, sala, maulizo, njia ya mashamba, Rozari, usingizi, na kesho yake ngoma tena. Anayepita njiani haoni ajabu katika siku kama hizo. Lakini Mungu huziona, moja moja.

SIKU YA MBWA MWITU

Katika mwaka 1918 fitina ilizidi katika Paimol, na wengine waliyachukia mafundisho. Siku moja kati ya tarehe 18 na 20 Oktoba, kabla ya mapambazuko, watu wenye silaha walifika kwenye nyumba ya walimu. Ilikuwa karibu na saa ile Daudi aliyozoea kuamka ili apige ngoma.

Mzee mmoja wa kijiji alisimama mbele yao. Akawakataza, akisema kwamba vijana hawa ni wageni wake, na mgeni hauawi. Jina lake na likumbukwe mbele ya Mungu, kwa maana alishika desturi njema ya wazee wetu katika saa ya hatari. Daudi akatokea mlangoni. Hakujificha nyuma ya mzee. Alimsihi asijitie katika shauri lile, asije akadhurika kwa ajili yao. Mwalimu huyu, ambaye kila siku alitangulia kufikiri juu ya wengine, hakuwa na desturi nyingine ya kufuata saa ya kufa.

Wale watu walimshurutisha Daudi aache kufundisha dini. Hakukubali. Wakamburuta nje, wakamtupa chini, wakamchoma kwa mikuki. Alikuwa na umri wa miaka 16 au 18 hivi.

Jildo alibaki. Alikuwa na umri wa miaka 12 au 14 tu, na wauaji wenyewe walimwambia akimbie. Njia ilikuwa wazi mbele yake. Lakini alijibu kwamba hawakutenda ubaya wowote. Kwamba alikuja pamoja na Daudi na kufundisha pamoja naye. Na ikiwa Daudi ameuawa kwa sababu hiyo, basi yeye naye ana sababu ileile. Wakamtoa nje, wakamwua.

Mwili wa Daudi ulikaa siku kadha bila kuzikwa. Mwezi wa Februari 1926 mabaki yake yalikusanywa, na baadaye yakawekwa katika kanisa la misioni ya Kitgum. Mahali walipouawa huitwa leo Wi-Polo, maana yake kwa Kiacholi ni “mbinguni”. Tarehe 20 Oktoba 2002, huko Roma, Papa Yohane Paulo wa Pili aliwatangaza kuwa Wenye Heri.

NENO KWA WAKATEKUMENI

Asiwepo mtu wa kusema kwamba mwalimu anayepewa posho ni mtu wa mshahara yule aliyelaumiwa na Bwana. Bwana mwenyewe alifundisha kwamba mfanya kazi anastahili ujira wake. Tofauti haimo mfukoni, imo moyoni. Mtu wa mshahara huuliza, “Nitapata nini hapa?” Mchungaji mwema huuliza, “Nani amebaki bila mwalimu?” Daudi aliuliza hivyo siku Antonio alipokufa.

Basi, enyi wakatekumeni, yako mambo matatu ya kushika. La kwanza: ngoma ya katekista ikilia, amkeni mwende. Yeye ameamka kabla yenu. La pili: msimwache mwalimu peke yake na jembe lake. Anayetumia asubuhi yake kuwafundisha ninyi hulima shamba lake jua likiwa kali. Mikono kumi ya wakatekumeni itamaliza kwa siku moja kazi yake ya juma zima. La tatu: kila mmoja atazame kijiji cha jirani kisicho na mtu wa kuwaongoza watu katika sala. Antonio alikufa, Daudi akaingia mahali pake. Wenu naye atazeeka siku moja. Nani atapiga ngoma?

Si wote wataombwa damu yao. Lakini kila Mkristu ataombwa asubuhi yake, na aliyezoea kutoa asubuhi hataona ugeni akiombwa zaidi.

MAULIZO

Ulizo: Nani alimtuma Daudi kuomba kazi ya Paimol?
Jibu: Hakuna mtu aliyemtuma; alijitoa mwenyewe kwa mapendo, na padri akamkubalia na kumbariki.

Ulizo: Kwa nini Jildo hakukimbia alipopewa nafasi?
Jibu: Kwa sababu alifundisha pamoja na Daudi, naye hakutaka kuukana ukweli aliowafundisha watoto.

Ulizo: Mchungaji mwema hujifunza lini kutokimbia?
Jibu: Hujifunza katika siku za amani, kwa kufanya vema kazi ndogo za kila siku.

Ulizo: Mkatekumeni afanye nini ili amshukuru mwalimu wake?
Jibu: Aje ngoma ikilia, amsaidie katika kazi yake, na yale aliyopokea awagawie wengine.