Ganda la kidonge ni halali, ushindi je?

Ijumaa moja baada ya sala ya Alasiri, kijana wa jirani yangu hapa Magomeni alinifuata barazani akiwa na kopo la vidonge. "Baba mdogo, hebu nisomee hapa. Ganda la hivi vidonge ni jelatini ya ng'ombe au ya nguruwe?"

Nikavaa miwani, nikasoma. Iliandikwa ya ng'ombe. Kijana akashusha pumzi, akamshukuru Mola. Anajiandaa na mashindano ya kutunisha misuli. Katika mazungumzo akaniambia kuwa vidonge vile ni vya kujaziliza chakula tu. Kinachofanya kazi hasa ni sindano za homoni anazochomwa na mwalimu wake wa mazoezi, na anajua fika kuwa kanuni za mashindano zinazikataza.

Nikamuuliza, "Na hizo sindano, mbona hukuniuliza uhalali wake?"

Akacheka. "Baba mdogo, wote wanachoma. Usipochoma unawasindikiza wenzako."

Siku ile sikumjibu. Lakini kauli ile si yake peke yake. Ndiyo kauli ya wanamichezo wengi wakubwa waliokamatwa duniani, na inastahili jibu.

Kwanza tutenganishe mambo. Unga wa protini ni chakula, hauna tofauti kubwa na maziwa na mayai. Wala dawa zenyewe hazina dhambi. EPO, ambayo imewafungisha wakimbiaji wengi, ni homoni inayotolewa na figo ili mwili utengeneze chembe nyekundu za damu. Ile ya kiwandani ilitengenezwa kwa ajili ya wagonjwa, wakiwemo wa figo. Kwa mgonjwa ni rehema.

Wapo watakaosema ubaya wake ni madhara. Ni kweli, mtu mzima akijichoma EPO damu huwa nzito na inaweza kuganda, akapata kiharusi. Homoni za misuli nazo huumiza moyo na ini, na mwili ni amana. Lakini tuchukulie kesho itengenezwe sindano isiyodhuru hata kidogo. Je, itakuwa halali kwa mshindani aliyekubali kanuni zinazoikataza, kisha akaificha? Mimi nasema hapana, kwa sababu ushindi ni ushahidi. Anayepanda jukwaani anawaambia watu kuwa haya ni matunda ya jasho langu, kwa masharti yale yale ya wenzangu. Kama sivyo, ametoa ushahidi wa uongo.

Sote tunakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono katika rundo la nafaka na kukuta chini kumelowa. Muuzaji akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi asiweke iliyolowa juu, watu wakaiona. Zingatia hapo, ndugu msomaji: kulowa hakukuwa kosa lake, kosa lilikuwa kuficha. Basi itakuwaje kwa aliyeimwagia maji kwa mkono wake?

Sasa turudi kwenye "wote wanachoma". Aprili 2014 Rita Jeptoo wa Kenya alishinda mbio za marathoni za Boston. Nyuma yake, kwa dakika moja na sekunde mbili, akafika Buzunesh Deba wa Ethiopia aliyetumia saa 2:19:59. Shangwe zikawa za Jeptoo. Septemba mwaka huo Jeptoo akapimwa, akakutwa na EPO. Mwaka 2016 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikamfungia miaka minne, na matokeo yake ya Boston yakafutwa. Deba ndiye akawa bingwa, na muda wake ukabaki kuwa rekodi ya wanawake ya mbio hizo hadi 2025. Lakini siku yake ilikwishapita. Hakuna mahakama inayoweza kumrudisha barabarani ile asubuhi avuke mstari watu wakimshangilia. Aprili 2024, miaka kumi baadaye, waandaaji walikuwa bado hawajamlipa fedha zake zote za ushindi.

Kwa hiyo anayesema "wote wanachoma" anafanya makosa mawili. Anamwibia mwenzake, kisha ili dhamiri yake ilale, anamsingizia kuwa naye ni mwizi. Anajuaje kama ni wote? Amewaona wangapi? Hajui, ila anahitaji iwe hivyo, maana akikiri kuwa yupo hata mmoja tu msafi, itambidi amtazame usoni.

Najua umasikini upo. Mbio moja inaweza kujenga nyumba ya mama na kusomesha wadogo. Lakini njaa inaeleza kwa nini mtu ameiba, haimrudishii aliyeibiwa mali yake. Deba naye alikuwa na mahitaji.

Wala tusiwatupie lawama wanamichezo pekee. Sindano haijichomi. Yupo anayeiuza, yupo anayeichoma, na mara nyingi mwanamichezo akifungiwa, hao wanabaki mtaani wakitafuta kijana mwingine. Na sisi majirani tunaosifia misuli bila kuuliza imetoka wapi, tumo.

Kijana wangu nimekwisha kumwita tena barazani. Nilimwambia kuwa kuuliza jelatini ni jambo jema na aendelee nalo, lakini aliuliza habari za ganda akaacha za ushindi wenyewe. Nikamtaka afanye jambo moja: kabla ya mashindano, amwendee mshindani mwenzake amwambie waziwazi, "Mimi nachoma sindano." Kama ni wote, kuna haya gani kusema?

Hakucheka safari hii. Aliniuliza, "Na nisipochoma nikawa wa mwisho?"

Nikamwambia atakuwa wa mwisho kweli, na hiyo nafasi hakuna atakayemnyang'anya baada ya miaka kumi. Aliondoka bila kuniahidi kitu. Namwombea.