Ukumbi wa Harusi na Mtaro wa Mtaa

Kadi ya mchango wa harusi Dar es Salaam huja na viwango vyake, singo na dabo. Kamati hukaa vikao kwa miezi, mhazini akisoma majina ya walioahidi na bado hawajalipa, maana ukumbi usiwe chini ya ule wa harusi iliyopita. Mtaro unaofurika kila masika hauna kamati.

Si ubahili; ni kujilinganisha na wengine. Mwaka 1998 watafiti Sara Solnick na David Hemenway walichapisha utafiti uliofanyika Harvard: takriban nusu ya walioulizwa walichagua kipato cha dola 50,000 wenzao wakipata 25,000, kuliko 100,000 wenzao wakipata 200,000.

Mchumi Yew-Kwang Ng alikwisha kueleza mwaka 1987 kwamba kujilinganisha huko kunabadili hesabu ya huduma za umma. Kila mmoja akipandisha matumizi, nafasi zinabaki zilezile na fedha zimekwenda. Kodi ya kulipia huduma hizo ikiwagusa wote, hakuna anayepitwa.

Je, ni haki kutunga sera kwa ajili ya husuda? Swali zito. Sura ya 102 ya Kurani, At-Takaathur, inakemea vikali kushindana kwa wingi wa mali. Lakini mzazi anayekopa ili bintiye asidharauliwe ukweni si hasidi, anakinga heshima, na akiacha peke yake fedheha ni yake. Mchumi Robert Frank wa Chuo Kikuu cha Cornell anapendekeza kodi inayopanda kadiri matumizi ya familia yanavyopanda. Mzazi huyo angekodi ukumbi mdogo bila kuonekana mnyonge, kwa kuwa jirani yake naye angefanya vivyo hivyo.