Kansa Ni Ugonjwa wa Mwili Wote



Tukisikia mtu ana kansa, twauliza kwanza: imemshika wapi? Tunajibiwa: titi, tumbo, taya. Basi tunadhani ugonjwa unakaa pale tu. Je, ni kweli?

Mwaka 1957, huko Mulago, Uganda, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baadaye, huko Jinja, akamwona mwingine mwenye uvimbe kama ule, na tumboni pia. Alipochunguza zaidi alikuta watoto wa namna hiyo wana uvimbe hata kwenye figo na ini. Yaliyodhaniwa kuwa magonjwa mbalimbali yalikuwa ugonjwa mmoja. Kisu hakikutosha. Dawa inayotembea na damu mwilini mwote ndiyo iliyowaponya baadhi yao. Ikajulikana pia kwamba malaria ya mara kwa mara, ambayo sisi wa bonde la Bugarama tunaijua, huufungulia ugonjwa huo njia.

Kansa huanza mahali, lakini ikiachwa husafiri kwa damu, hula nguvu, humkondesha mtu mzima. Ndiyo maana tunahimizana kuwahi hospitali: ikikutwa ingali mahali pake, mara nyingi yaweza kuondolewa. Tangu 2012 Rwanda ina kituo cha kansa huko Butaro, kaskazini mwa nchi.

Lakini liko swali zito zaidi. Paulo, katika 1 Wakorintho 12, afundisha kwamba sisi nasi tu mwili mmoja. Mbona basi mgonjwa anatengewa sahani, anasemwa amelogwa, au ana dhambi iliyofichwa? Kansa haiambukizwi kwa kula pamoja. Na Yesu alikataa kumhesabia dhambi yule aliyezaliwa kipofu. Daktari hukata uvimbe ili mtu abaki. Sisi tukimtenga mtu, uvimbe unabaki naye, na ndugu tumempoteza.

Sisi wakimbizi tunajua uchungu wa kutengwa na kwetu. Basi tujiulize kila nyumba: nani atawatazama watoto wa mgonjwa siku za matibabu? Nani atamsindikiza? Nauli ya kufika Butaro humshinda mtu mmoja, tukichanga, haitushindi. Jumapili baada ya ibada tubaki kidogo, tupange.