Thelathini za Uwanjani

Jezi niliinunua mtumba pale Karume, Ilala. Ina mistari myeupe na myeusi, imepauka kidogo makwapani, na chini ya nembo ya Juventus kuna maneno madogo ya Kiitaliano: 30 sul campo. Thelathini, za uwanjani. Muuzaji alidhani ni namba ya mchezaji. Mimi nilijua maana yake na nikalipa bila kuomba apunguze, maana Kibibi Kizee cha Turin ndiyo timu yangu tangu enzi za Zidane na Del Piero.

Siku nilipoivaa kijiweni, shemeji yangu aliyasoma maneno yale, akaweka kikombe cha kahawa chini. Yeye ni Inter wa damu.

"Shemeji, hesabu hiyo mmeipata wapi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Juventus walipotwaa ubingwa mwaka 2012, hesabu rasmi ya mataji yao ilikuwa 28. Mawili, la 2004/05 na la 2005/06, yalifutwa mwaka 2006 baada ya kufichuka kwa mazungumzo ya simu kati ya mkurugenzi mkuu wa klabu, Luciano Moggi, na watu waliokuwa wakipanga waamuzi. Timu ikashushwa Serie B na kukatwa pointi, 9 baada ya rufaa zote. Taji la kwanza halikupewa mtu. La pili wakapewa Inter, na kwa lugha yetu ya vijiweni huo ni ubingwa wa mezani.

Neno hilo nililitumia miaka mingi kama fimbo. Nilikuwa na fimbo nyingine pia: mwaka 2011 mwendesha mashtaka wa shirikisho la soka la Italia, Stefano Palazzi, aliandika kwamba hata Inter walikuwa na simu za kujibia, ila muda wa kuwashtaki ulikuwa umeshapita. "Mliokolewa na kalenda," nilimwambia shemeji. Naye akanikumbusha kwamba mwaka 2015, mahakama ya juu kabisa ya Italia ilipomaliza kesi ya Moggi, shtaka kubwa lilianguka kwa sababu hiyohiyo. Kila mmoja wetu aliita kupita kwa muda aibu kwa mwenzake na usafi kwake. Ilhali muda ukipita, faili hufungwa tu. Lililotendeka linabaki palepale.

Jioni ile niliifua jezi kwa mkono, na yale maneno yakawa yanapita chini ya vidole vyangu. Za uwanjani. Lakini tuhuma yenyewe ilikuwa kwamba mechi zetu zilianzia kwenye simu, siku kadhaa kabla ya filimbi. Kama mwamuzi anapatikana kwa kupigiana simu, basi meza ilitangulia uwanja, na meza ile ilikuwa ya kwetu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba timu ile haikuhitaji mbeleko. Tarehe 9 Julai 2006, Italia walipobeba Kombe la Dunia kule Berlin, wachezaji watano wa kikosi kile walikuwa wa Juventus. Siku tano baadaye ikatoka hukumu ya kwanza.

Tena simu zile hazikuchafua misimu miwili tu. Kuna mechi ya tarehe 26 Aprili 1998, Juventus na Inter, ubingwa ukiwa shingoni. Ronaldo wa Inter anaingia kwenye boksi, Mark Iuliano anamkata njia kwa mwili mzima, Mbrazili yule anaanguka. Mwamuzi Piero Ceccarini anaruhusu mpira uendelee. Mpira unakwenda upande wa pili, na kabla hata Inter hawajamaliza kulalamika, Juventus wanapewa penalti. Kipa wa Inter, Pagliuca, aliipangua, lakini tulishinda 1-0. Huenda lilikuwa kosa la binadamu tu, kama makosa mengine. Lakini baada ya 2006, nani wa Inter atakubali kuliita hivyo? Nami nitamlaumu vipi?

Mwaka 2023 tulipokatwa pointi 10 kwa sababu ya hesabu za mauzo ya wachezaji, nilisema "wametuandama tena" kabla sijasoma hata mstari mmoja wa shauri lenyewe. Nilijisikia nikilisema, na sikulipenda.

Mwanzo wa msimu wa 2006/07, Juventus walikwenda kucheza Rimini, mji mdogo wa pwani, mechi yao ya kwanza ya Serie B. Wakatoka 1-1. Buffon, Del Piero, Nedvěd na Trezeguet walibaki na timu msimu ule, wakaitumikia adhabu kwa miguu yao. Jezi ya mwaka huo ningeivaa kijiweni nikiwa na amani kuliko hii.

Nilimweleza shemeji haya Ijumaa iliyofuata, kahawa ikimiminwa. Nikamwambia pia, "Ile ya 1998 ilikuwa penalti."

Alikaa kimya kitambo kirefu. Kisha akaniuliza matokeo ya Rimini yalikuwaje, na ni nani aliyefunga.