Hukumu Juu ya Kilicho Kichanga

Wahenga walituachia methali mbili ambazo zikiwekwa pamoja hazipatani. Ya kwanza yasema kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Ya pili yasema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Aliyeishika ya kwanza huamini kuwa mambo yatakayokuwa yamekwisha kuandikwa katika kilicho kichanga, na kazi ya mwenye busara ni kuyasoma. Aliyeishika ya pili huamini kuwa hakuna cha kusoma mpaka mkono wa mlezi uandike. Sote twazitumia zote mbili, pengine siku moja, wala hatuoni haya. Swali ninalotaka kulizungumza ni hili: je, ni halali kumhukumu aliye mchanga kwa yale tunayodhani atakuwa akikua? Na ikiwa jambo hilo haliepukiki, hukumu hiyo yafaa iwe ya namna gani?

Nianze kwa ndama kabla ya watoto, kwa sababu mfugaji hana nafasi ya kulikwepa swali hili. Katika tambarare za Same, chini ya Milima ya Pare, mvua ni haba na malisho ni ya kugombewa. Juu milimani kuna ukungu, migomba na tangawizi. Chini kuna miiba na vumbi. Ng'ambo ya milima liko eneo la Mkomazi, lililofanywa pori la akiba mwaka 1951. Wafugaji waliondolewa humo mwaka 1988, na mwaka 2008 likawa hifadhi ya taifa. Kwa hiyo uhaba wa majani ni kazi ya mbingu na pia ni kazi ya sheria. Mwenye ng'ombe katika nchi ya namna hiyo hawezi kuwalea madume wote hadi wakomae ndipo achague. Imempasa aamue mapema ni ndama yupi atabaki kuwa fahali wa zizi, na ni wepi watahasiwa wawe maksai au wapelekwe mnadani.

Naye haamui kwa kubahatisha. Hutazama mgongo, upana wa kifua, ugumu wa kwato na mwendo wa miguu ya nyuma. Kisha huuliza habari za mama: alitoa maziwa kiasi gani, alizaa kwa mfululizo au aliruka miaka, na kiangazi kilipokaza alisimama au alianguka. Huu ni ujuzi wa kweli, uliorithiwa na kupimwa kwa vizazi vingi, na anayeudharau hajapata kuchunga. Lakini tuangalie ujuzi huo unajua nini hasa. Mgongo humwambia jinsi ndama alivyo leo. Habari za mama humwambia yaliyokwisha kupita. Kuhusu miaka mitano ijayo hana shahidi, ana matumaini tu.

Jino laweza kutufafanulia zaidi. Anayetaka kujua umri wa punda, ng'ombe au farasi humfungua kinywa. Kwa farasi, meno ya mbele ya utotoni huanza kubadilishwa apatapo kama miaka miwili na nusu, na akifika mitano yamekwisha kubadilika yote. Hapo jino ni shahidi mwaminifu, kwa kuwa laulizwa juu ya wakati uliopita. Kosa huanza pale tunapoliuliza juu ya wakati ujao, nalo kwa kuwa halina ulimi halikatai. Sisi ndio tunaojibu kwa niaba yake.

Farasi ni wachache katika nchi yetu, kwani mbung'o na maradhi yaliwamaliza wengi walioletwa bara. Lakini huko kwingine, ambako wana-farasi hununuliwa kwa mali nyingi, waamuzi wamepata kupimwa hadharani. Mwezi Julai 1983, katika mnada wa Keeneland, Kentucky, nchini Marekani, mwana-farasi aliyeitwa Snaafi Dancer, mwana wa Northern Dancer mashuhuri, alinunuliwa na Sheikh Mohammed wa Dubai kwa dola milioni 10.2. Nasaba yake haikuwa na doa, na macho ya wajuzi yaliafikiana. Farasi huyo hakushindana hata mara moja, kwa kuwa alikuwa mzito wa mbio. Na alipowekwa azalishe, alipata watoto wanne tu. Miaka minane kabla yake, mwaka 1975, mwingine aliyeitwa Seattle Slew aliuzwa kwa dola 17,500. Mwaka 1977 alishinda mashindano yote matatu makuu ya Marekani ya farasi wa miaka mitatu, akiwa hajapata kushindwa.

Mtu aweza kusema: basi wajuzi hawajui kitu. Hilo silo funzo ninaloliona. Wajuzi hukosea, nao hupatia vilevile. Kukosea ni sehemu ya kazi yao. Funzo ni kwamba makosa yao yalijulikana. Yule wa mamilioni alipewa njia, akaonekana hana mbio. Yule wa bei ndogo alipewa njia, akakimbia. Hukumu ya mnadani ilimwachia aliyehukumiwa nafasi ya kuikanusha.

Turudi sasa kwa ndama aliyehasiwa. Yeye hatamkanusha mtu. Hakuna atakayejua kamwe ni fahali gani angekuwa, na kwa sababu hiyo aliyemhasi ataendelea kujiona kuwa hakukosea. Vilevile ndama aliyependwa hupewa maziwa zaidi na husogezwa penye majani mabichi, na anaponenepa mwenyewe husema: nilimwona tangu mwanzo. Hapo kusoma na kuandika vimechanganyika mkononi mwa mtu mmoja. Mara chache hutokea mwaka wa kutisha unaowatoa wote barabarani kwa pamoja. Ukame wa mwaka 2009 uliua ng'ombe kwa wingi sana kaskazini mwa Tanzania. Katika njaa kama ile, ukubwa wa mwili uliosifiwa mnadani hugeuka mzigo, maana mwili mkubwa wadai majani mengi. Na kale kang'ombe kadogo ka asili, kasikopendeza machoni, hujikokota hadi mvua ifike. Mfugaji aliyaona maumbile ya ndama vizuri; mwaka unaokuja ndio hakuuona.

Simlaumu. Uhaba ulimlazimisha achague, akachagua kwa alichokuwa nacho. Ila yafaa akumbuke kwamba kuchagua si kujua. Mwenye kuchagua kwa dhiki akijua kuwa ni dhiki hubaki na unyenyekevu. Mwenye kuiita dhiki yake elimu, huyo yu hatarini, hasa anapotoka zizini na kuingia nyumbani.

Maana kinywa cha mtoto nacho kilifunguliwa. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, Wapare wakiwamo, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza alihesabiwa kuwa na mkosi. Akiachwa akue, jamaa zake wangekufa. Huko Mbaga, katika milima ya Pare Kusini, lipo jiwe liitwalo Malameni, ambalo wenyeji husimulia kuwa palikuwa mahali pa kuwatoa watoto. Nasi watu wa visiwani na pwani tusitazame juu milimani kwa kiburi. Lugha yetu ndiyo yenye neno kigego, na kamusi zetu zamweleza kuwa ni mtoto wa namna hiyo hiyo. Neno halikai katika lugha bila ya kuwa na kazi.

Watu waliofanya hayo hawakuwa wakatili kupita wengine. Waliwapenda watoto wao, na mama aliyenyang'anywa wake alilia kama mama yeyote. Ni kitu gani basi kilichoidumisha imani hiyo kwa muda mrefu? Nadhani ni hiki: haikuacha shahidi. Kigego hakukua, basi hakuna aliyepata kumwona kigego mzee akicheza na wajukuu, jamaa zake wote wakiwa hai. Hukumu ilimwondoa yule mmoja tu ambaye angeweza kuibatilisha kwa kuishi. Palipoanza kuwapo watoto walioachwa wakakua, imani haikuhitaji hoja nyingi ili ife.

Pengine msomaji atasema hayo yamepita. Jino limepita, mazoea yamebaki. Kwa miaka mingi katika Tanzania mtihani wa darasa la saba ulikuwa mlango mwembamba mno. Nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache, na wengi wa watoto waliofika mlangoni walirudishwa. Huo ulikuwa uhaba, kama wa majani. Lakini lugha iliyotumika haikuwa ya uhaba. Haikusemwa kwamba madarasa hayatoshi. Ilisemwa kwamba mtoto ameshindwa, naye akiwa na miaka kumi na mitatu au minne aliyaamini hayo, akayabeba maisha yake yote. Kuchagua kuliitwa kujua.

Hapa ndipo milima ileile inapotupa mfano mwingine. Wazazi wa Upare, hasa katika miaka ya 1980, walijichanga fedha na nguvu, wakabeba mawe, wakajenga shule zao za sekondari ili watoto walioachwa nje wapate pa kusoma. Sina haja ya kuwasifu kuwa waliujua mustakabali wa watoto hao. Thamani ya kazi yao ni kwamba walikiri hawaujui. Waliwapa njia, kama farasi yule wa bei ndogo alivyopewa njia, kisha wakangoja. Mpango wa mwaka 2004 wa kuzieneza sekondari hadi katika kata uliifanya iwe kazi ya nchi nzima ile ambayo wao walikwisha kuianza kwa mikono yao.

Kuna pingamizi moja ambalo ni la haki. Yasemwa kwamba hatuwezi kuishi bila ya kuwahukumu wachanga. Mwalimu amchague nani aimbe, kocha amchague nani acheze, fundi amchague nani wa kumrithisha ufundi? Nakubali. Lakini ipo tofauti baina ya kumwambia mtoto "leo sikukuchagua" na kumwambia "wewe si wa kuchaguliwa". Neno la kwanza lamwacha hai kesho. La pili lamhasi.

Kwa hiyo kipimo ninachokiona ni kimoja. Anayemhukumu aliye mchanga na ajiulize: je, nikiwa nimekosea, huyu atabaki na njia ya kunionyesha kosa langu? Ikiwapo njia hiyo, hukumu ni dhana ya kawaida ya binadamu, na wakati utaisahihisha. Isipokuwapo, basi asiyetaka kudhulumu na anyamaze. Na ikiwa dhiki haimruhusu kunyamaza, aseme wazi kwamba ametenda kwa dhiki. Nyota njema huonekana asubuhi, ni kweli. Lakini asubuhi hiyo wengi huwa bado wamelala, na mawingu hufunika nyota nyingi ambazo hazina kosa.