Swali Nililoliondoa

Jambo ninalotaka kulieleza hapa lilianzia kwenye disketi moja ya inchi tatu na nusu, na hata leo, miaka mingi baada ya disketi zenyewe kutoweka madukani, sijapata jibu linaloniridhisha.

Mwaka 1999 nilikuwa fundi wa kompyuta katika chuo kimoja huko bara. Chumba cha mafunzo kilikuwa na kompyuta 20 zilizounganishwa kwa waya mweusi uliopita nyuma ya meza zote, na seva moja pembeni. Kila muhula wanafunzi walizivuruga: huyu kafuta faili la mfumo, yule kaleta virusi kwa disketi yake. Kuweka Windows 95 upya kwenye kompyuta moja kulinichukua saa nzima na ziada, nikikaa mbele ya skrini na kujibu maswali yale yale. Zidisha kwa 20, halafu kumbuka kwamba umeme nao hukatika.

Dawa ilikuwa disketi ya kuwashia. Ilichukua megabaiti 1.44 tu, kwa hiyo ulibana vitu humo kama mtu afungaye mzigo wa safari ya basi: mafaili ya DOS yanayoiamsha mashine, programu ya kuiendesha kadi ya mtandao, programu nyingine ndogo ya kuingilia mtandaoni, na faili liitwalo AUTOEXEC.BAT, ambalo hutekeleza mstari baada ya mstari yale uliyoliandikia. Kompyuta ikiwashwa na disketi hiyo ndani, huiacha diski yake yenyewe ikalala. Huiita seva, hujitambulisha kwa jina, hufungua folda yenye nakala ya kompyuta mama, kisha programu ya Ghost huimwaga nakala hiyo juu ya diski, na kila kilichokuwapo hupotea. Nakala yetu ilikuwa na megabaiti 400 hivi. Nilitengeneza disketi nne, kila moja na jina lake, maana mtandao haukukubali mashine mbili zenye jina moja. Kompyuta nne kwa nusu saa. Zote 20 kabla ya jua kuzama.

Kitu kimoja tu kiliniudhi. Kabla ya kumwaga, Ghost iliuliza kama kweli tuendelee, kwa kuwa diski inayopokea itafutwa. Ilibidi mtu awepo abonyeze. Katika maelekezo nikakuta neno la kuongeza mwishoni mwa amri: -sure. Ni neno la Kiingereza, maana yake nina hakika. Ukiliandika, swali halitokei tena. Umekwisha kujibu kwa niaba ya yeyote atakayeitia disketi ile, siku yoyote, katika kompyuta yoyote. Siku ile niliona fahari. Nilimwita msaidizi wangu, kijana wa miaka 20 hivi aliyekuwa akijifunza kazi, nikamwonyesha. "Tia, washa, ondoka," nikamwambia.

Desemba nilikwenda nyumbani likizo. Kijana akaandaa chumba kwa muhula mpya, akaona kompyuta ya maktaba, iliyokuwa kwenye waya ule ule, nayo inasuasua, na kwa nia njema kabisa akaitia disketi. Humo mwalimu mmoja mstaafu alikuwa akichapa vitendawili na hadithi za kwao, alizozikusanya kwa wazee ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kufariki. Ilikuwa kazi ya jioni za miaka miwili.

Mzee yule hakupiga kelele. Ilikuwa Januari, nami nimesharudi. Aliketi, akavua miwani, akasema, "Mwanangu, mashine haikukuuliza?"

"Haikuniuliza, mwalimu."

Hakuna aliyemwamini, kwani kila aliyewahi kufuta kitu alijua kwamba kompyuta huuliza. Kijana akaitwa ofisini, akaambiwa ni mzembe na mwongo juu yake. Nilikuwamo ofisini humo. Nilitazama dirishani.

Nimejitetea moyoni mara nyingi, na utetezi wangu si wa kipuuzi. Swali linaloulizwa mara 20 kwa siku halisomwi. Kidole hujua njia ya kitufe kama punda ajuavyo njia ya kisimani, na yamkini kijana angebonyeza tu hata kama swali lingekuwapo. Kwake ile ilikuwa kompyuta mbovu, hakujua kilichomo. Basi, nikajiambia, neno langu halikuongeza chochote katika msiba ule.

Lakini hoja hii inavuja. Kama angebonyeza, tendo lingekuwa lake: angeweza kulikiri, kulijutia, hata kulikataa. Mimi nilimwachia mkono nikachukua uamuzi, kisha nikausafirisha uamuzi huo hadi siku na mahali ambapo mimi sikuwapo. Mwenye kutega mtego njiani aghalabu huwa hayupo unaponasa, wala hatusemi kwamba kosa ni la mguu.

Tena nadhani swali la mashine lilikuwa dogo kuliko la mzee. Ghost iliuliza tu kama tuendelee. Haikuuliza nani anaitumia kompyuta hii, wala mna nini ndani, wala kama ipo nakala mahali pengine. Hayo ni maswali ya watu kuulizana, nayo huulizwa mlangoni, kabla disketi haijatoka mfukoni. Nilipoliondoa lile dogo nilimfundisha kijana, bila kulitamka, kwamba hata haya makubwa hayana haja. Hapo najiona na hatia zaidi kuliko katika neno -sure lenyewe.

Siku hizi hata disketi haihitajiki. Kadi ya mtandao yenyewe huiita seva, kwa utaratibu wa PXE ulioletwa na Intel mwishoni mwa miaka ya 1990, na fundi aweza kuzifuta mashine 300 usiku mmoja yeye akiwa kitandani. Nimeifanya kazi hiyo. Wenzangu hunicheka, kwa sababu sharti kwanza nipite meza kwa meza na karatasi na kalamu, kama karani wa sensa.

Na ukimya wangu ofisini? Huo haukutoka kwenye disketi. Siku tisa zilipita ndipo nikaenda kwa mkuu kueleza. Alitabasamu, akasema hayo ni mambo ya kitaalamu na yamekwisha. Kijana alikuwa ameshaacha kazi, ameondoka mjini, na hadi leo sijaonana naye.

Kwa mzee nilikwenda nyumbani. Alinisikiliza hadi mwisho, akanikaribisha chai, kisha akaniomba nimchapie, yeye akitaja kwa kumbukumbu. Tulifanya hivyo Jumamosi nyingi. Hadithi zilirudi, ingawa fupi kuliko zamani. Vitendawili vilikuwa vigumu zaidi: vingine alikikumbuka kitendawili chenyewe, jibu likakataa kuja. Tulikiandika hivyo hivyo, tukaacha nafasi wazi chini yake.