Ahadi Iliyokuja na Miaka 70

Mstari wa 11 wa sura ya 29 ya Yeremia, ule unaosema kwamba Mungu anawawazia watu wake mema, huandikwa kwenye kadi za mahafali na kusomewa mtu aliyeachishwa kazi ghafla au aliyefiwa na mwenzi wake. Wachache hurudi nyuma mstari mmoja, mahali ahadi hiyo inapopewa muda wake: miaka 70. Waliopelekewa barua ya Yeremia yenye ahadi hiyo walikuwa wamehamishwa kutoka Yerusalemu kwenda Babeli mwaka 597 KK, pamoja na mfalme Yekonia, mafundi na wafua chuma, na mtu mzima yeyote kati yao aliweza kupiga hesabu akajua kwamba yeye hatarudi. Ndiyo maana naamini kwamba kumtumaini Mungu hakuna uhusiano na kungoja mambo yarudi yalivyokuwa. Ni kufanya leo, katika hali usiyoichagua, lile alilokuagiza, na kumwachia yeye mwisho wake.

Aliyefundisha kinyume cha hayo alikuwa nabii Hanania. Alisimama hekaluni akatangaza kwamba katika miaka miwili mfalme na vyombo vyote vya hekalu vitakuwa vimerudi, kisha akaivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia kama ishara ya utawala wa Babeli. Kwa macho ya wengi, Hanania ndiye mwenye imani kubwa. Yeremia mwenyewe aliitikia amina, maana alitamani iwe hivyo! Lakini Hanania alikuwa ameifunga imani ya watu kwenye tarehe, na tarehe ikipita bure, mwumini hubaki akimlaumu Mungu au akijilaumu kwamba hakuamini vya kutosha. Wangapi wameumizwa hivyo na mahubiri ya namna hiyo katika siku zetu? Barua ya Yeremia iliwaagiza wahamishwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha, tena wauombee amani mji wa watu waliowateka. Mabamba ya udongo yaliyopatikana Iraki, ya tangu mwaka 572 KK, yanaonyesha Wayahudi wa kijiji kilichoitwa Al-Yahudu wakilima mashamba, wakilipa kodi na kuandikishana mikataba. Hayathibitishi kwamba waliisoma barua, ila yanathibitisha kwamba maisha iliyoyaagiza yaliwezekana.

Kuna atakayesema kwamba haya ni mafundisho ya kuwanyamazisha wanaoonewa, sawa na ya wale wanaokimbilia kusema kazi ya Mungu haina makosa hata pale palipo na kosa la binadamu. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini Yeremia huyuhuyu alimkemea mfalme Yehoyakimu kwa kujijengea jumba kwa jasho la watu wasiolipwa, na kitabu chake kina unabii mrefu wa hukumu juu ya Babeli yenyewe. Kuuombea mji hakukumfanya auite uovu wake wema.

Pingamizi zito zaidi ni la wale waliofia ugenini. Ahadi iliwafaa nini? Sidhani swali hili linajibika lote, na anayelijibu upesi huenda hajawahi kukaa na mfiwa. Ila barua yenyewe inasema jambo ambalo halikungoja miaka 70: wakimtafuta Mungu kwa moyo wote, watampata. Kwa watu waliozoea kumtafuta katika hekalu moja la mji mmoja, kuambiwa kwamba anapatikana hata Babeli kulikuwa zawadi ya siku ileile barua iliposomwa. Na aliyewaandikia hakuwa na fungu bora kuliko lao. Yerusalemu ilipozingirwa, naye akiwa kifungoni, Yeremia alinunua shamba kule Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, akaagiza hati zitiwe katika chombo cha udongo ili zidumu. Baadaye alichukuliwa kwenda Misri bila hiari yake, na Maandiko hayasemi popote kwamba aliwahi kulima shamba hilo. Alilinunua kwa sababu aliagizwa, akaamini kwamba nchini mle mashamba yatauzwa na kununuliwa tena, hata kama mnunuzi atakuwa mwingine.